Mwanamke anayeitikia hodi ya pumzi

Saa tatu kasorobo asubuhi, maji yamesimama. Hayapandi wala hayashuki. Jani la mkoko lililodondoka kando ya boti linazunguka papo hapo, kama limesahau lilikokuwa likienda. Semeni anajua utulivu huu haudumu. Ana nusu saa, tuseme dakika arobaini, kabla mkono huu wa mto haujaanza tena kuvuta kuelekea baharini.

Amekaa kwenye ubao wa katikati, miguu ameikaza kwenye mbavu za boti, khanga ameifunga kiunoni mara mbili. Mkono wa kushoto umeshika kamba ya manila. Wa kulia umeshika tasbihi. Ncha ya pili ya kamba imefungwa kiunoni mwa mumewe, Dadi, na Dadi haonekani. Yuko chini, pima tano, karibu mita tisa, kwenye maji yenye rangi ya chai ya maziwa, anapapasa tope akitafuta injini ya boti.

Midomo ya Semeni inacheza bila sauti. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Kila punje ya tasbihi ni sekunde moja. Amejizoeza mpaka kidole chake kinakwenda sawa na saa.

Kwenye punje ya thelathini na tisa kamba inatikisika. Mara moja tu, kifupi, kama mtu aliyegonga mlango kwa kidole.

"Karibu!" anasema Semeni, kwa sauti hasa, na kuanza kuvuta.

Dadi anaibuka, anapangusa uso, anashika ukingo wa boti. "Gogo," anasema akihema. "Nimekumbatia gogo, mama Sabra. Nilidhani nimeoa mke wa pili."

"Kamuoe akupikie," Semeni anamjibu. Anacheka kidogo, lakini macho yake hayacheki. Yanamtazama midomo, yanamtazama kucha. Akisharidhika na rangi yake, ndipo anarudisha tasbihi kwenye punje ya kwanza.

Semeni, mwenye miaka ishirini na sita na mama wa mtoto wa miezi minne, ni mshika kamba. Ndivyo wanavyomwita hapa Salale, katika delta ya Rufiji wilayani Kibiti. Mumewe ni mzamiaji. Injini ikichomoka, nanga ikikwama, wavu ukinasa kwenye kisiki cha mkoko, anaitwa Dadi. Wito huja mara tatu au nne kwa mwezi. Siku nyingine zote wanaishi kwa kaa wa tope na kijaruba cha mpunga, na mwaka ambao maji ya chumvi yamepanda sana, hata huo mpunga haupatikani.

Hawana mtungi wa hewa, hawana miwani. Wana kifua cha Dadi, kamba ya Semeni na tasbihi aliyoachiwa na bibi yake.

Injini wanayoitafuta leo ni ya Abdulhalim, mzee wa makamo mwenye boti inayopeleka watu Nyamisati. Juzi boti iligonga gogo, boliti zikaachia, injini ikazama. Tangu hapo kitongoji kizima kimekwama. Abdulhalim mwenyewe amekaa kwenye tezi, nyuma ya boti, kofia ya kiua imemteremka hadi kwenye nyusi, na kila dakika anatazama kama maji yameanza kutembea au bado.

Wazamiaji wa hapa wana neno lao. Mtu akibana pumzi chini ya maji, baada ya muda kifua hujikunja chenyewe, tumbo likaruka kwa ndani, kama kwikwi isiyo na sauti. Huo mruko wanauita hodi. Kuna hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kwa kuwa kila mtu wa pwani amefundwa tangu utotoni kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hugeuka akaenda zake, wazamiaji waliamini pumzi nayo ni mgeni wa namna hiyo.

"Tulifundishwa hivyo na waliotutangulia," anasema Dadi. "Nyamaza, usimwitikie. Akishapiga ya tatu anaondoka, na wewe unaendelea na kazi. Aliyeivuka hodi ya tatu ndiye mwanamume."

Tena walikuwa na dawa ya kuichelewesha hiyo hodi. Kabla ya kuzama mtu alivuta na kutoa pumzi harakaharaka, ishirini, thelathini, mpaka kichwa kikawa chepesi na vidole vikafanya ganzi. Walikuita kupakia. Ulipakia pumzi kama unavyopakia magunia, halafu unashuka nayo.

Aliyekuwa hodari wa kupakia kuliko wote ni Kheri, kaka yake Dadi.

Miaka mitatu iliyopita Kheri alizama kunasua wavu. Watu watatu walikuwa botini na wote walimwona alivyopakia, kifua kinapanda kinashuka kama mfua chuma anavyovukuta. Alishuka. Hakupanda. Walipomfikia alikuwa amekaa chini palepale, mikono imeshika wavu, uso umetulia. Hapakuwa na dalili ya kupapatika.

Hilo ndilo lililowatisha. Mtu anayekufa maji hupigana. Kheri hakupigana na chochote. Basi maneno yakazagaa kwamba kavutwa na chunusi, lile jini la mtoni linalokamata waogaji. Wengine wakaongeza kwamba chunusi hamkamati mtu bure, lazima alikuwa na lake. Mama yao alimzika mwanawe, na juu ya msiba akabebeshwa aibu.

Dadi akaendelea kuzama, na akaendelea kupakia. Semeni, wakati huo bi harusi wa miezi mitano, akaanza kwenda naye botini. "Sikuwa na kazi yoyote kule," anasema. "Nilikuwa nakaa tu na roho yangu mkononi. Ndipo nikasema, kama ni kukaa, bora nishike kitu."

Akashika kamba. Lakini alikuwa hajui aivute lini.

Jibu alilipata mahali asipolitarajia: kliniki ya watoto, siku alipompeleka Sabra kupimwa uzito. Muuguzi wa zahanati, Subira, alikuwa anawafundisha akina mama kuhesabu pumzi za mtoto mchanga. Fungua nguo, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima, usikate katikati. Wachanga, alisema, huweza kutulia sekunde chache bila kuvuta, kisha wakaendelea wenyewe. Lakini mtoto akinyamaza zaidi ya hapo, au akigeuka rangi, huyo ni wa kukimbizwa.

Semeni akanyoosha mkono. "Sista, huyu akilala, nani anamkumbusha kupumua?"

Benchi zima likaangua kicheko. "Mkumbushe wewe, si ndiye mama yake!" mmoja akamtania.

Subira hakucheka. Alimsogelea, akamwekea kiganja nyuma ya shingo, juu kidogo. "Hapa," alisema. "Ndani ya kisogo, pale ubongo unaposhikana na uti wa mgongo, kuna mlinzi. Hajui usiku wala mchana, hajui Ijumaa wala sikukuu. Ndiye anayeuamrisha mwili: vuta, toa, vuta, toa. Wewe unaweza kumzuia kidogo ukibana pumzi, lakini humshindi."

"Anajuaje kwamba hewa imepungua?"

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huyo hangoji hewa safi ipungue. Anatazama hewa chafu. Mwili unaunguza chakula kama jiko linavyounguza kuni, na moshi wake unaingia kwenye damu. Moshi ukizidi, mlinzi anapiga kelele: toa! Hiyo ndiyo kiu ya pumzi. Wapo wenzake shingoni wanaotazama hewa safi, lakini hao mpaka waamke, mara nyingi mambo yameharibika."

Semeni akamfunga Sabra kifuani kwa khanga. Akauliza tena, polepole: "Na mtu akivuta pumzi nyingi sana harakaharaka, kabla ya kuingia majini?"

"Anataka kujaza nini?"

"Hewa."

"Ndoo ya lita ishirini, mwanangu, haichukui thelathini. Kifua kikijaa kimejaa. Anachofanya ni kuufukuza moshi wote. Sasa moshi haupo, mlinzi atapigia kelele nini? Hewa safi inakwisha kimyakimya, na mtu anazimika kama taa. Hata hajasikia vibaya."

"Hasikii hodi," alisema Semeni.

"Hodi gani?" aliuliza Subira, na mama mmoja mke wa mvuvi akamfafanulia. Muuguzi akatikisa kichwa. "Basi ndiyo hiyo. Anakuwa amemfunga mdomo anayepiga hodi. Na huyu si mgeni, jamani. Huyu ni mwenye nyumba. Haondoki, anaangukia mlangoni."

Semeni hakupitia sokoni siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, akamkuta anapeta mchele, akamweleza yote kama alivyoelezwa. Mama wa watu aliuweka ungo chini.

"Kwa hiyo mwanangu hakuogopa?" aliuliza.

"Hakuogopa, mama. Wala hakukosa kitu. Hakujua tu."

Kumshawishi Dadi kulikuwa kazi nyingine. "Wewe na sista wako mmewahi kufika pima tano?" alimuuliza, na kwa wiki mbili nyumba ilikuwa na baridi. Mwishowe walikubaliana, na makubaliano yenyewe ni haya: hakuna kupakia. Pumzi mbili za kawaida, moja ndefu, anazama. Ikija hodi ya kwanza anavuta kamba, na Semeni anaitikia karibu kwa kumpandisha. Kamba ikikaa kimya hadi punje ya sitini, anamvuta bila kuuliza.

Zamani Dadi alikuwa akifika punje mia. Sasa hodi inakuja kwenye thelathini na kitu, arobaini ikizidi sana. Kazi aliyoimaliza kwa mizamo mitatu inamchukua tisa, na maji hayamngoji mtu. Wazamiaji wenzake hawakulaza damu. "Mbuzi wa Semeni huyo, kafungwa kamba!" wanamwita akipita gengeni. "Leo kaachiwa malisho!"

"Utani ule unauma," Dadi anakiri. "Mwanamume unacheka, lakini unauma."

Pengine ndio uliofanya leo yatokee yaliyotokea.

Kwenye mzamo wa sita Dadi anaibuka na tabasamu. "Nimeigusa! Nimeshika pangaboi lake!" Ameipata injini, imelala ubavu kwenye tope, ila hodi imempigia kabla hajaifunga. Abdulhalim anasimama hadi boti inayumba. "Alhamdulillahi! Haya baba, haya, mara moja tu. Shemeji, nifungulie kamba hii ya pili, imejifunga fundo. Upesi, maji yataondoka!"

Semeni anaiweka tasbihi pajani, anainama juu ya fundo. Limelowa, limekaza, anatumia meno. Dadi amezungukia upande wa pili wa boti, amewapa mgongo, anapumzika. Fundo linafunguka. Dadi anapokea ncha ya kamba ya injini, anaitia mkononi, anazama.

Moja. Mbili. Tatu.

Thelathini inapita. Semeni anaegemea mbele. Thelathini na tisa, ambapo hodi zote za leo zimegonga, inapita. Kamba imetulia mkononi kama kamba ya kuanikia nguo.

"Anafunga," anasema Abdulhalim. "Ameshaipata, anafunga."

Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Na hapo Semeni anakumbuka sauti. Wakati ameinama na fundo mdomoni, nyuma yake kulikuwa na kitu kinapiga hu, hu, hu, hu, harakaharaka. Alidhani ni maji yanagonga ubavu wa boti. Lakini maji yamesimama. Maji yaliyosimama hayagongi kitu.

Punje ya sitini bado iko mbali, lakini huu ni mzamo wa saba na mwili wake umechoka. Anaiachia tasbihi, inadondoka ndani ya boti, na anaanza kuvuta kwa mikono yote miwili.

"Usimvute! Atapoteza fundo!"

"Amepakia!" Semeni anapiga kelele. "Shika kamba! Amepakia!"

Kamba inakuja nzito, uzito wa mfu, uzito wa gunia. Abdulhalim anaacha maneno, anashika nyuma yake, wanavuta wote wawili. Dadi anatokeza. Macho yake yako wazi nusu na hayatazami popote. Midomo ina rangi ya zambarau.

Semeni amejilaza kwenye ukingo, ameshika taya la mumewe kulitoa majini. Anampangusa uso kwa khanga, anampuliza machoni na puani, anampiga makofi madogo shavuni. "Baba Sabra! Vuta! Vuta pumzi! Uko juu, umefika, vuta! Karibu! Karibu! Karibu!"

Hana tasbihi mkononi, lakini kidole gumba chake kinahesabu juu ya hewa. Nne. Tano. Sita.

Kifua cha Dadi kinaruka. Pumzi inaingia na sauti ya kitenge kinachochanwa.

Anapepesa macho. Anamtazama mkewe kwa hasira. "Mbona umenivuta? Nilikuwa nafunga."

"Ulikuwa unafunga nini?"

"Fundo. Nimeshalipitisha."

Semeni anamgeuza kichwa taratibu. Anamwonyesha tu kwa kidevu. Kamba ya injini inaelea kando ya boti, imelegea, haijafungwa kokote.

Dadi anaitazama. Wanapomaliza kumwingiza botini, anatetemeka ingawa jua limeshakuwa kali.

"Ulisikia hodi?" anauliza Semeni.

"Sikusikia."

"Ulipakia?"

"Kidogo."

"Ngapi?"

"Kumi na tano." Anafunika uso kwa viganja. "Nilikuwa naona vizuri tu, mama Sabra. Nilikuwa sawasawa kabisa. Ndivyo alivyokuwa Kheri?"

Jani la mkoko limeanza kusogea. Abdulhalim analiona, Semeni naye analiona. Mzee anakohoa. "Dakika kumi bado zipo," anasema kwa sauti ya mtu anayejua hatakiwi kusema. "Sisemi azame yeye. Nasema tu zipo."

Semeni anafungua kamba kiunoni mwa mumewe, anaikunja pindi kwa pindi, anaiweka chini ya miguu yake na kuikalia.

"Injini haipumui, shemeji," anasema. "Itangoja."

Wanatupa nanga ndogo yenye dumu tupu kuwa alama, kisha Abdulhalim anashika kasia mwenyewe hadi zahanati. Subira anamsikiliza Dadi mapafu, mbele na nyuma, anamweka kitandani hadi alasiri, anampa siku tatu za kutogusa maji. Hamgombezi. Anamwambia jambo moja tu: "Siku nyingine ukitaka kumfunga mlinzi mdomo, muage mkeo kwanza, asije akakusubiri juu."

Siku ya nne walirudi kwenye dumu. Abdulhalim ndiye aliyebadilisha utaratibu. Alikataa kukaa kwenye tezi. Alikaa uso kwa uso na Dadi, macho kwenye mabega yake, akihesabu kwa sauti kila pumzi aliyovuta kabla ya kuzama. "Moja. Mbili. Ndefu. Haya, nenda. Ukiongeza ya nne nakupiga kasia."

Mzamo wa kwanza, hodi kwenye thelathini na saba. Wa pili, thelathini na nane. Kwenye wa tatu Dadi alivuta kamba mara moja, Semeni akaitikia, na alipoibuka alionyesha mikono mitupu: kamba ya injini ilikuwa imebaki chini, imekaza. Waliivuta injini hadi botini. Fundi anasema itahitaji kufumuliwa na kuoshwa chumvi yote, lakini itawaka.

Habari ya botini imezunguka kitongoji chote, na utani wa mbuzi umepungua makali. Wake wawili wa wazamiaji, Swaumu na Zawadi, wamekuja kwa Semeni kuomba wafundishwe. Anawafundishia uani: mmoja analala mkekani na kubana pumzi, mwingine ameshika kamba na tasbihi, na mama mkwe ndiye hakimu. Waume zao bado wanapakia. "Watabadilika," anasema Semeni, halafu anajisahihisha. "Naomba wabadilike kabla hawajabadilishwa."

Aliacha shule kidato cha pili. Mwakani anataka kuanza masomo ya jioni, amalize, aombe mafunzo ya mhudumu wa afya wa jamii, ili swali alilouliza kliniki siku ile aweze kulijibu yeye kwa mwingine. Na kamba?

"Kamba hii nataka siku moja nimfungie mbuzi," anasema. "Mbuzi hasa, wa miguu minne. Huyu wangu akae nchi kavu."

Adhuhuri imeingia, siku kadhaa baada ya injini kupatikana. Dadi ameondoka kwenda msikitini kwa miguu, taratibu, na Semeni amemsindikiza kwa macho hadi alipokata kona. Sabra amelala mkekani, tumbo wazi. Linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka. Halafu linatulia.

Semeni anaacha kuzungumza. Kidole gumba kinasogea juu ya punje. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Tumbo linapanda.

"Karibu, mama," anasema.